Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na Kijiji Chake

Ukimuuliza mtu wa bara habari za Kilwa Kisiwani, jibu la haraka ni magofu. Si uongo, ila jibu hilo limewaruka wenyeji. Kisiwa kina watu. Wavuvi wanashusha matanga, wanawake wanashuka ufukweni maji yakipwa kutafuta pweza na chaza, watoto wanakwenda shule na chuoni, na nyumba za fito na udongo zimeezekwa kwa makuti, nyingine sasa kwa bati. Umbali mfupi kutoka nyumba hizo umesimama msikiti ambao ulikuwa mkongwe tayari siku Mreno wa kwanza alipoutia machoni. Historia hii fupi ni ya msikiti huo, kwa kuwa umeishi kuliko nasaba zote za wafalme wa kisiwa, na kwa kuwa kila lililowapata watu wa Kilwa, la heri na la shari, limeacha alama kwenye kuta zake.

Kwanza tutenganishe majina, maana wageni huchanganyikiwa. Kilwa ziko tatu. Kilwa Masoko ni mji wa bara, makao makuu ya wilaya, mkoani Lindi, yapata kilomita 300 kusini mwa Dar es Salaam. Kilwa Kivinje iko kaskazini yake, mji wa karne ya 19 wenye majengo ya Waarabu na Wajerumani. Kilwa Kisiwani ndiyo mama yao, nayo iko ng'ambo ya mlango mwembamba wa bahari, mkabala na Masoko. Upepo ukikubali, mashua inavuka kwa muda mfupi tu, na jengo la kwanza kuonekana ni Gereza, ngome kubwa iliyosimama mguu majini.

Watu waliishi hapa kabla ya mawe. Wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya makazi yanayorudi nyuma hadi karne ya 9: vigae vya vyungu, masalia ya uyeyushaji wa chuma, shanga za makombe ya pwani. Nyumba zilikuwa za udongo na fito, yaani zilifanana na nyingi za kijiji cha leo. Kisha inakuja hadithi ambayo kila mzee wa Kisiwani ana namna yake ya kuisimulia. Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi, Uajemi, kwa jahazi, akamkuta mfalme mwenyeji, akataka kukinunua kisiwa. Bei ikawa nguo, za kutosha kukizunguka kisiwa chote. Nguo zikatandazwa, mfalme akazichukua akahamia bara. Simulizi za Kiswahili zinaongeza kwamba mgeni alimwoa binti wa mfalme, na kwamba mfalme alipojuta akataka kurudi, maji ya mlango yalikuwa yamekwishamzuia.

Hadithi hiyo ilitiwa kwenye maandishi mapema. Historia ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu, inayojulikana kwa jina la Kitab al-Sulwa, imetufikia kwa nakala iliyonakiliwa Zanzibar mwaka 1877, na nakala hiyo leo iko London. Mwandishi wa Kireno João de Barros naye alipata habari za masultani hao, akazichapisha mwaka 1552. Kwa miaka mingi wasomi walibishana: wapo walioona Shirazi ni kujipamba kwa ukoo tu, wapo walioshikilia kwamba kila kizuri cha pwani kilitoka ng'ambo. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu wa kale wa pwani hii, wakiwamo waliozikwa Kilwa na kisiwa jirani cha Songo Mnara. Ulionyesha kwamba kuanzia yapata mwaka 1000 damu ya Uajemi iliingia hasa kwa upande wa wanaume, na ya Kiafrika hasa kwa upande wa wanawake. Kwa maneno mengine, babu alikuja na jahazi na bibi alikuwa wa hapa. Wazee waliokuwa wakihadithia ndoa ya binti wa mfalme hawakuwa wakibahatisha sana.

Sehemu ya kwanza ya Msikiti Mkuu, ile ya kaskazini, ni ya karne ya 11 na 12. Ni ukumbi mdogo. Paa lilikuwa la bapa, likishikwa na nguzo tisa. Anayetaka kuelewa ujenzi wake aushike ukuta kwa mkono. Mawe ya kawaida ni ya mwamba wa matumbawe uliochimbwa nchi kavu, mazito na yenye matundu, yamepangwa ovyo kidogo na kushikwa kwa chokaa. Lakini kwenye mihrabu na kwenye kingo za milango jiwe linabadilika. Hapo fundi alitumia tumbawe lililokatwa baharini likiwa bichi, ambalo huchongeka kwa urahisi, kisha likikaa juani hukakamaa. Chokaa nayo ilitokana na matumbawe, yaliyochomwa juu ya rundo la magogo hadi yakawa unga. Boriti za paa zilikuwa za mikoko, na urefu wa mti ndio ulioamua upana wa chumba. Ndiyo sababu vyumba vya kale vya pwani, hata vya matajiri, ni virefu na vyembamba. Kwa hiyo bahari na mikoko yake ndiyo iliyotoa karibu kila kitu, isipokuwa ujuzi.

Fedha ya kuupanua msikiti ilitoka mbali zaidi. Kusini kabisa, kwenye bandari ya Sofala katika Msumbiji ya leo, ilishuka dhahabu ya nyanda za Zimbabwe. Majahazi ya Uarabuni, Uajemi na India yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na chombo kilichotoka huko kikapita Kilwa kuelekea kusini kilijiweka katika hatari ya kukosa upepo wa kurudia msimu uleule. Basi wenye vyombo walikomea hapa, na watu wa Kilwa wakawa ndio wanaokwenda Sofala na kurudi na dhahabu. Aliyekaa pale upepo unapoishia ndiye aliyetoza ushuru. Sijui sababu nyingine iliyo nyepesi zaidi ya kueleza utajiri wa kisiwa kisicho na mto, kisicho na madini, na chenye udongo wa kawaida tu.

Ushuru huo ulifikia kilele mwanzoni mwa karne ya 14, chini ya al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali wenye asili ya Yemeni. Watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, kwa ukarimu wake. Ndiye aliyeurefusha msikiti upande wa kusini na kuongeza chumba chenye kuba kubwa. Kuba lilikuwa ushindi wa fundi: chumba kingeweza kufunikwa pasipo kutegemea urefu wa boriti. Sultani huyohuyo alijenga Husuni Kubwa, kasri lililo juu ya jabali, mwendo wa miguu kutoka kijijini, lenye vyumba zaidi ya 100, ua mpana wa shughuli za biashara, ngazi za kushukia baharini na birika la kuogea lenye pembe nane. Halikumalizika. Karibu yake kuna Husuni Ndogo, boma la mstatili lenye kuta nene na minara, na mpaka leo wataalamu hawajakubaliana lilikuwa la kazi gani.

Mwaka 1331 alifika Ibn Battuta, msafiri wa Tangier. Aliisifu Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, akaandika kwamba watu wake ni wa madhehebu ya Shafii. Alimsifu sultani pia. Fakiri wa Kiyemeni, anasimulia, alimsimamisha sultani akitoka sala ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua, akampa. Mwanawe akazirudisha kwa kumpa fakiri watumwa kumi badala yake, na sultani aliposikia watu wanavyosifu, akaongeza watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Hadithi hii husomwa kama sifa ya ukarimu, na ndivyo ilivyokusudiwa. Mimi huwafikiria wale 20. Hakuna aliyeandika majina yao, wala walikotolewa, ingawa msafiri huyohuyo anaeleza kwamba sultani alikuwa akiwashambulia watu wa bara na kuteka ngawira. Kuba la msikiti lilijengwa zama hizohizo.

Kilwa ilipiga sarafu zake za shaba, na huenda hili ndilo jambo linalopendeza kuliko yote kwa anayependa maneno. Upande mmoja kuna jina la sultani, upande wa pili sifa ya Mwenyezi Mungu, na pande mbili hizo zina vina, kwa hiyo sarafu yenyewe ni ubeti mdogo. Sarafu moja ya Kilwa imepatikana Zimbabwe Kuu, njiani kuelekea kwenye dhahabu. Nyingine tano ziliokotwa mwaka 1944 na askari mmoja kwenye fukwe za visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko? Kila mtu ana dhana yake, na zote zinapendeza kuliko ushahidi uliopo.

Upanuzi wa Abu al-Mawahib haukudumu. Paa liliporomoka, na kwa muda mrefu sehemu kubwa ya msikiti ilikaa wazi. Ulijengwa upya katika karne ya 15, zama za Sulaiman bin Muhammad, aliyeitwa al-Malik al-Adil, na huo ndio msikiti tunaouona leo: safu za nguzo zenye pembe nane, matao yanayofuatana kutoka nguzo hadi nguzo, na juu yake makuba na mapaa ya tao. Asubuhi jua likiingia kwa upande, nguzo hutupa vivuli vyembamba kwenye sakafu, na hapo mtu huona vizuri kwamba hazikunyooka zote sawa. Nje kuna kisima, mahali pa kutia udhu na jiwe la kusugulia nyayo. Katika jengo zima hilo jiwe ndilo kipande kinachomleta mtu wa kawaida karibu zaidi: mvuvi au mchukuzi, miguu ina mchanga na magamba ya samaki, anaisugua kabla ya kuingia kusali nyuma ya matajiri.

Kisha wakaja Wareno. Cabral alipita mwaka 1500, Vasco da Gama akarudi mwaka 1502 na kumlazimisha mtawala, Amir Ibrahim, atoe kodi ya dhahabu. Mwezi Julai 1505 Francisco de Almeida alishusha askari, Ibrahim akakimbia, mji ukaporwa. Mmoja wa waliokuwamo katika msafara huo aliacha maelezo ya nyumba za mawe zenye ghorofa, na bustani za michungwa, ndimu na makomamanga. Wareno walijenga ngome ufukweni wakamtawaza Muhammad Ankoni, mtu wao, ambaye hakuishi muda mrefu katika cheo hicho. Mwaka 1512 waliondoka. Walikuwa wameharibu biashara waliyokuja kuitwaa: wafanyabiashara walihama na dhahabu ikatafuta njia nyingine. Kukaa kwao hakukutimiza miaka 10. Hasara iliwachukua wenyeji karne mbili kuifidia, na katikati, mwaka 1587, jeshi la Wazimba kutoka kusini lilivuka mlango wa bahari na kuua watu wengi mno. Padri wa Kireno aliyeandika habari hizo anataja maiti 3,000. Hata kama alitia chumvi, kijiji hakikubaki na nguvu ya kutengeneza makuba.

Lakini hakikufa. Mwaka 1711 tunaisikia sauti yake tena, safari hii kwa Kiswahili. Kwenye hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, zimo barua zilizotoka Kilwa mwaka huo, kwa herufi za Kiarabu, zikiwamo za malkia wa Kilwa, Mfalme Fatima. Ni miongoni mwa nyaraka kongwe zaidi za Kiswahili zilizobaki mahali popote duniani. Vitabu vyetu vya shule vinamtaja Vasco da Gama bila kukosa. Fatima wa Kilwa simkuti humo, na sioni sababu.

Ufufuo wa karne ya 18 ulileta ujenzi mpya: kasri la Makutani lenye ukuta mrefu, karibu na Msikiti Mkuu, na msikiti wa Malindi jirani na Gereza, ambao kwa mapokeo ulijengwa na watu waliotoka Malindi ya Kenya ya leo. Pia ulileta mkataba ambao hakuna kumbukumbu ya Kilwa inayostahili kuuruka. Tarehe 14 Septemba 1776 Sultani Hasan bin Ibrahim alikubaliana na Mfaransa Jean-Vincent Morice kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 kila mmoja, na sultani apewe zawadi ya piasta mbili kwa kila kichwa. Muda wa mkataba: miaka 100. Waliouzwa walipelekwa kwenye mashamba ya visiwa vya Kifaransa, yaani Mauritius na Réunion za leo. Mji huu uliwahi kuporwa na Wareno na kuuawa watu wake na Wazimba. Sasa ulikuwa ukiuza watu wa bara iliyo mbele ya macho yake. Kuta za Makutani zilizotengenezwa na kurefushwa karne hiyo zina bei hiyo ndani yake, na anayewatembeza wageni anafanya vyema kuitaja.

Mkataba haukufika mbali. Miaka ya 1780 Oman iliishika Kilwa, ikaweka askari, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikajenga Gereza tunaloliona leo juu ya mabaki ya ngome ya Wareno. Mlango wake wa mbao uliochongwa bado unavuta macho kuliko mizinga. Sultani wa mwisho wa Kilwa alipelekwa uhamishoni Muscat kabla ya katikati ya karne hiyo, na biashara yote, ya pembe na ya watu, ikahamia Kilwa Kivinje. Kivinje ikawa bandari kubwa ya misafara kutoka ziwa Nyasa. Kisiwani pakabaki wavuvi, wakulima, waalimu wa Kurani na minazi.

Hapo ndipo kijiji cha leo kilipoanza kuwa kijiji hasa. Wanahistoria hukiita kipindi hicho anguko. Sikubaliani nao moja kwa moja. Anguko lilikuwa la masultani. Watu waliobaki hawakuwa na sultani wa kulisha wala Mfaransa wa kumridhisha, na walikaa kati ya kuta zile kama majirani zake, wakilima mtama na mihogo, wakisafisha makaburi, wakipokezana hadithi ya nguo na binti wa mfalme. Neville Chittick, mkuu wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika na baadaye mkurugenzi wa taasisi ya Waingereza ya utafiti huko Nairobi, alipochimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, alikuta mahali penye watu wenye habari zake. Kitabu chake chenye juzuu mbili kilitoka mwaka 1974, na kila anayeandika juu ya Kilwa, mimi nikiwamo, amekula katika sahani yake.

Mwaka 1981 UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya Urithi wa Dunia. Songo Mnara ni kisiwa jirani upande wa kusini, mji wa karne za 14 na 15 ambao nyumba zake za mawe zimehifadhika vizuri kiasi kwamba mtu anaweza kufuata njia kutoka ukumbini hadi chumbani. Mwaka 2004 vyote viwili viliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini: mawimbi yalikuwa yanakula ufukwe chini ya kuta, mizizi ilikuwa inapasua mapaa, na mvua ilikuwa inaosha chokaa. Kazi ya ukarabati ilifanyika kwa miaka, na mwaka 2014 Kilwa iliondolewa kwenye orodha hiyo. Chokaa ndiyo dawa ya kuta hizi. Saruji hukakamaa kuliko jiwe la tumbawe lenyewe, hunasa unyevu ndani na hatimaye huliharibu jiwe lililokusudiwa kuliokoa, kwa hiyo ujuzi wa kuchoma na kuchanganya chokaa unahitajika hapa leo kama ulivyohitajika karne ya 12.

Anayezuru asiishie Gereza na Msikiti Mkuu, kama wafanyavyo abiria wa meli za kitalii wenye saa mbili tu. Aende Msikiti Mdogo wa makuba, wa karne ya 15, jengo dogo lililosalimika kuliko mengine yote. Kwa maoni yangu, ndilo linalompa mtu picha halisi ya jinsi ndani ya Msikiti Mkuu palivyokuwa siku za uzima wake. Aende Jangwani, ambako msikiti umebaki kuta na kisima. Atembee hadi Husuni Kubwa jua likiwa limepungua, kwa kuwa njia ni ndefu na kivuli ni haba. Na akifika Makutani, asipande juu ya kuta.

Neno la mwisho ni kwa walimu wa historia wa Lindi, Mtwara, Pwani na Dar es Salaam. Watoto wetu wanakariri tarehe za Kilwa kwa ajili ya mtihani, na wengi wanamaliza shule pasipo kuvuka mlango huu wa bahari. Walete. Kibali kinapatikana Kilwa Masoko, mashua zipo bandarini, na waongozaji wa kisiwani wanaijua historia hii kwa Kiswahili. Mlipeni mwenyeji awaongoze, wanunulieni kina mama samaki wa chakula cha mchana, na vigae vilivyo chini viacheni vilipo.